Gitaa la Mtindo wa Zamani: Nimalizie Kulipa au Nilirudishe?

Swali: "Shikamoo fundi. Nimeachiwa gitaa la umeme nilijaribu wiki moja kabla sijamalizia hela. Ni la mtindo wa Stratocaster, kichwani halina jina, muuzaji anasema ni la mwaka 1962. Umbo na rangi nimevipenda, lakini nyuzi ziko juu mno. Nikivuta uzi wa kwanza kuanzia freti ya 12 sauti inakatika. Nikigusa tremolo linatoka tyuni. Uzi wa tatu una kelele kuliko wenzake. Na kwenye spika linanguruma. Tunapiga harusini na kwenye mikutano ya injili hapa Tanga. Nilipe au nilirudishe? Na kama ni kulitengeneza, nianzie wapi?" (Mpiga solo, Makorora)

Marahaba mdogo wangu. Katika hayo matano hakuna hata moja linalotosha kulirudisha gitaa. Nyuzi kuwa juu na tremolo (ule mkono unaoyumbisha briji, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi) kuharibu tyuni ni mambo ya kuseti. Sauti kukatika unapovuta uzi, na uzi wa tatu kupiga kelele, ni tabia ya gitaa la mtindo huo. Ndivyo lilivyobuniwa, na dawa yake ni nusu kurekebisha, nusu kulizoea. Mngurumo ndio wa kuuchunguza, maana unaweza kuwa wa kawaida na unaweza kuwa wa kukuua. Yanayoweza kukufanya urudishe gitaa ni yale ambayo hukuyataja, basi tuanze nayo wakati wiki yako haijaisha.

Hiyo 1962 iweke pembeni. Stratocaster ya Fender ilianza kuuzwa mwaka 1954, na ya mwanzoni mwa miaka ya 60 iliyo halisi leo inauzwa bei ya gari. Lisilo na jina kichwani ni nakala, na nakala si kosa mradi ulipe bei ya nakala. Ukitaka kumjibu muuzaji kwa upole, mwoneshe swichi ya pikapu, vile vinasa sauti vyenye sumaku chini ya nyuzi: kama ina nafasi tano, hiyo haikutoka na gitaa la 1962. Kiwandani zilikuwa za nafasi tatu hadi mwaka 1977. Swichi hubadilishwa, ni kweli, ila hadithi yake itakuwa imeshaanza kulegea.

Sasa ukaguzi wenyewe. Shika gitaa, jicho liwe kichwani, utazame shingo kuelekea kwenye briji kama seremala anavyotazama ubao. Linganisha ukingo wa upande wa uzi wa kwanza (mwembamba kuliko wote) na ule wa uzi wa sita (mnene kuliko wote). Kama kingo zote mbili zimepinda sawasawa, hilo hurekebishika. Kama moja imeinuka na nyingine imelala, shingo imejisokota. Rudisha. Trasi rodi, ile fito ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, hukunja na kukunjua shingo kwenda mbele na nyuma tu, haiondoi msokoto.

Halafu hakikisha trasi rodi inafanya kazi. Kwenye mtindo wa zamani kichwa chake hakiko juu karibu na vifunguo vya tyuni bali kwenye kisigino cha shingo, kimezama ndani ya mwili, na kina mkato wa msalaba. Maana yake ni kwamba huwezi kukigeuza bila kuilegeza au kuitoa shingo. Legeza nyuzi zote, geuza gitaa, fungua skrubu nne za nyuma, toa shingo. Chukua bisibisi pana inayojaa vizuri kwenye mkato. Ukitumia nyembamba utautafuna mkato, na kazi ya dakika tano itakuwa ya kubandua ubao wa freti, ule unaobeba vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Legeza kwanza thumni moja ya mzunguko, kisha rudisha ulipotoka. Kama inageuka kwa ukinzani wa wastani, salama. Kama imeganda kabisa, usilazimishe: rudisha gitaa. Kama inazunguka bure kama haijashika kitu, vilevile rudisha.

Shingo ikiwa nje, tazama matundu ya skrubu. Zile nne zipite kwenye mwili kwa uhuru na zing'ate kwenye mbao ya shingo peke yake. Zikiwa zinang'ata na kwenye mwili, shingo haitavutwa hadi ikae, itabaki na upenyo ambao macho hayauoni ila tyuni inausikia. Wakati wa kurudisha, weka skrubu tunduni, izungushe kinyume cha saa taratibu mpaka uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Kwa mkono, si kwa drili.

Kitu cha tatu ni freti. Freti za mtindo wa zamani ni nyembamba na fupi, zikiwa mpya huwa na kimo cha kama milimita 1.1 na upana wa milimita 2. Zina chuma kidogo cha kupoteza. Angalia freti ya 1 hadi ya 5 chini ya uzi wa kwanza na wa pili, ndipo mashimo huanzia. Kama shimo limeshuka hadi zimebaki milimita 0.6 hivi, kusawazisha hakutoshi; freti zitang'olewa na kuwekwa mpya, na hiyo ni kati ya kazi ghali kwenye gitaa. Hapo si lazima urudishe, lakini bei ishuke.

Mwisho wa ukaguzi ni pikapu, na hii unaifanya bila kufungua chochote. Azima maltimita kwa fundi redio. Chomeka waya wa gitaa, fungua volyumu na toni hadi mwisho, weka maltimita kwenye kilo-omu 20, gusisha ncha moja kwenye kichwa cha plagi ya upande wa pili na nyingine kwenye shina lake. Pikapu moja moja ya aina hii husoma kati ya kilo-omu 5.5 na 6.5. Kwenye nafasi ya pikapu mbili kwa pamoja isome karibu nusu ya hapo. Kama nafasi moja inakuonesha imepita kipimo, ongeza hadi kilo-omu 2000: ukiona karibu 250, hiyo si pikapu unayoisoma, ni ile potenshiomita ya volyumu, pikapu yenyewe imekatika waya. Ikisoma sifuri, kuna shoti mahali.

Likipita hapo, lipia. Kinachobaki ni jasho.

Nunua seti mpya ya nyuzi kwanza, maana kila kipimo kinachofuata kinategemea unene wa uzi. Kwa solo ya dansi, chukua seti inayoanzia 10 na kuishia 46 (uzi wa kwanza ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25). Kagua pakiti: ziwe za nikeli au chuma. Kosa ambalo ni rahisi kulifanya dukani ni kuchukua za gitaa kavu, zile za rangi ya dhahabu. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo pikapu inasikia kiini cha chuma tu, na nyuzi nene zinafifia huku nyembamba zinapiga kelele. Kama gitaa lako lina hizo sasa hivi, sehemu ya malalamiko yako imeshapata jibu.

Vifunguo vya zamani vina shina lenye mpasuko na tundu katikati. Uzi haupitishwi pembeni. Uvute unyooke, pima urefu wa vifunguo viwili kupita shina lake, kata, tumbukiza ncha wima kwenye tundu, kunja, zungusha mara tatu kushuka chini. Ukiacha mzunguko mmoja tu, uzi utateleza na utalaumu tremolo.

Tyuni gitaa, kisha pima upinde wa shingo. Bana nyuzi kwenye freti ya 1 kwa kapo (kibanio cha shingo) au kwa kidole, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 17, na uangalie nafasi kati ya uzi na kichwa cha freti ya 7. Kwa ubao wenye mviringo wa zamani tunataka kama milimita 0.3. Fila geji (vile vibamba vya kupimia upenyo) ya fundi pikipiki anayoseti nayo tapeti inafaa kabisa. Usipoipata, tumia vipande vya nyuzi ulivyokata sasa hivi: kipande cha uzi wa kwanza (milimita 0.25) kipite bila kuuinua uzi wa sita, na kipande cha uzi wa pili (13, yaani milimita 0.33) kikwame au kiuinue kidogo. Nafasi ikizidi, kaza rodi kwa kufuata saa, ikipungua, legeza. Thumni moja ya mzunguko kila mara, na kwa gitaa hili kila mara maana yake ni kulegeza nyuzi, kutoa shingo, kugeuza, kurudisha, kutyuni upya. Inachosha. Wenye haraka hugeuza nusu mzunguko ili wamalize mara moja, wakakuta wamevuka mpaka na kuanza upya. Piga mstari wa penseli kwenye kichwa cha rodi ujue umegeuza kiasi gani.

Kabla ya kugusa kimo cha nyuzi, malizana na tremolo, kwa sababu briji ikisogea kila kitu husogea. Amua unaitaka kwa kazi gani. Kama huitumii, na wapiga solo wengi wa harusini hawaitumii, ilaze. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili zinazoshika kile kichanio cha springi mpaka bamba la briji lilale kabisa juu ya mwili na lisiinuke hata unapovuta uzi kwa nguvu. Springi tatu zikikataa, ongeza hadi tano. Faida yake utaiona siku uzi utakapokatika katikati ya wimbo: kwenye briji inayoelea, uzi mmoja ukikatika springi zinazidi nguvu na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda, kwenye briji iliyolala, unamaliza wimbo.

Kama unaitaka ielee, acha springi tatu, na nyuma ya bamba pawe na upenyo wa kama milimita 3. Utatyuni, utalegeza kichanio robo mzunguko, utatyuni tena, mpaka upenyo na tyuni vikubaliane. Kisha zitazame zile skrubu sita za mbele ya bamba. Zikiwa zimekazwa zote hadi chini, bamba linabanwa na halirudi mahali palepale. Za pembeni mbili ziguse bamba bila kulikandamiza, za katikati nne zirudishwe nyuma hadi kichwa chake kikae milimita 1.6 juu ya bamba. Bamba linabaki linaegemea sehemu mbili tu.

Hata hivyo, tremolo hulaumiwa kwa makosa ya nati, kile kipande cha mfupa au plastiki mwanzoni mwa shingo. Geuza kifunguo polepole na usikilize: ukisikia "tik" halafu sauti ikaruka, uzi umebanwa kwenye mfereji wake. Toa uzi, jaza mfereji unga wa penseli laini ya 2B, rudisha. Weka na chini ya kile kibanio kidogo cha kichwani kinachoshusha uzi wa kwanza na wa pili. Kama bado unalia, mfereji ni mwembamba kuliko uzi; usugue kwa kipande cha uzi wa kuzungushiwa waya, wa unene uleule, ukienda mbele na nyuma kama msumeno, mkono ukiinamia upande wa kichwa ili uzi uegemee ukingo wa mbele wa nati.

Kina cha mifereji unakipima hivi: bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, utazame juu ya freti ya 1. Pawe na upenyo wa unene wa karatasi moja ya fotokopi, milimita 0.1. Ukiwa mkubwa kuliko hapo, kodi (chord) ya F itaumiza kidole na itasikika juu ya tyuni hata baada ya kutyuni. Usipoona upenyo kabisa, uzi utalia ukiupiga wazi. Nati iliyochimbwa kupita kiasi hujazwa kwa unga wa mfupa na tone la supa gluu, lakini bora uchonge mpya. Mfupa wa muundi wa ng'ombe kutoka buchani, uchemshe, utoe mafuta kwa maji ya sabuni, uanike siku kadhaa. Nati ya mtindo huu ina unene wa milimita 3.2 na upana wa takriban 42. Kazi ya msasa na subira. Mafundi wa vinyago wanaifanya vizuri kuliko wengi wanaojiita mafundi gitaa.

Sasa tuje kwenye nyuzi kuwa juu. Pima kwa rula ya chuma kwenye freti ya 17, kutoka kichwa cha freti hadi chini ya uzi. Uzi wa sita uwe milimita 2.0, wa kwanza 1.6. Sadoli, vile vipande sita vidogo ambavyo nyuzi zinalalia kwenye briji, zina skrubu mbili kila kimoja za alenki ndogo, ya milimita 1.27 au 1.5. Kufuata saa kunainua. Nyuzi za katikati zifuate mviringo wa ubao, na hapa ndipo gitaa la zamani linapotofautiana na la kisasa.

Ubao wa freti wa Stratocaster ya zamani umeviringika kwa nusu kipenyo cha inchi 7.25, yaani milimita 184. Magitaa mengi ya leo ni inchi 9.5 (milimita 241) au 12 (milimita 305), bapa zaidi. Nakala nyingi za "mtindo wa zamani" zina rangi na umbo la zamani lakini ubao wa inchi 9.5, kwa hiyo usikisie. Chukua kadi ngumu, ya mwaliko wa harusi inatosha. Funga uzi usiovutika kwenye msumari, funga penseli milimita 184 kutoka msumari, chora tao kwenye kadi, likate kwa wembe. Tengeneza na lingine la 241. Nyuzi zikiwa zimelegezwa, simamisha kipande chenye tao lililobonyea juu ya freti ya 12 na utazame mwanga kwa upande wa pili. Lile lisilopitisha mwanga katikati wala pembeni ndilo lako. Tao hilohilo unalisimamisha juu ya nyuzi karibu na briji, na kushusha au kuinua sadoli hadi zote sita ziliguse.

Ukigundua ni 184, sababu ya sauti kukatika umeipata. Unapovuta uzi wa kwanza kwenye freti ya 12, unausukuma kuelekea katikati ya ubao, na katikati ndipo ubao ulipo juu zaidi. Uzi unaendelea kwenye mstari ulionyooka hadi kwenye sadoli, ubao unapanda chini yake, mwishowe uzi unagusa freti ya 15 au 17 na sauti inakufa. Ukivuta nusu sauti huenda usisikie kitu. Ukivuta sauti nzima linakatika. Kabla ya kulaumu mviringo, hakikisha hakuna freti iliyoinuka. Kata kipande cha milimita 40 kutoka mgongo wa blade ya msumeno wa chuma iliyonyooka, kilaze juu ya freti tatu mfululizo, 12 hadi 14, kisha 13 hadi 15, uende hivyo. Kikicheza kama bembea, freti ya katikati imepanda. Igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki ishuke. Ikirudi kupanda, tone la supa gluu ubavuni mwake na kibanio kwa saa kadhaa. Kisipocheza popote, tatizo ni mviringo.

Dawa ya kwanza: inua uzi wa kwanza na wa pili hadi milimita 1.8, hata 2.0, kwenye freti ya 17. Kwa muziki wenu ningeishia hapo. Kupandisha mistari ya solo ya dansi hakuhitaji kuvuta sauti nzima na nusu kama wapiga roki, na kimo hicho hakichoshi mkono hata usiku kucha. Dawa ya pili ni kumpa fundi asawazishe freti kuanzia ya 10 kwenda juu ziwe bapa kidogo katikati. Inafanya kazi, ila kwa freti fupi za milimita 1.1 unakula akiba ya miaka. Nisingeianza mapema.

Inawezekana umeshusha sadoli zote hadi chini na nyuzi bado zimesimama. Hapo pembe ya shingo ndiyo mbaya, na ndiyo sababu inayopatikana mara nyingi nyuzi zinapokuwa "juu mno" kwenye nakala. Legeza nyuzi, toa shingo, weka kipande chembamba ndani ya shimo la shingo, upande ulio karibu na briji. Kwa gitaa la vipimo hivi, kipande cha milimita 0.25 kitashusha nyuzi kama milimita 1 pale brijini, cha 0.5 kama 2. Anza na kidogo. Tumia ubao mwembamba mgumu au bati la shaba, si kadibodi, kwa sababu kadibodi hunyonya unyevu na kubonyea. Na kama una mikono ya seremala karibu, mwambie akuchongee kabari ya mninga inayojaa shimo lote, milimita sifuri upande mmoja na 0.5 upande wa pili. Kipande kifupi huacha uwazi chini ya kisigino, na kwa miaka mbao hukunjika pale, freti za mwisho zikainuka, na sauti ikaanza kukatika upya.

Kimo kikishakaa, rekebisha urefu wa nyuzi. Piga uzi wazi hadi tyuni ya simu ikubali, kisha ubonyeze freti ya 12 bila kuukandamiza. Ikisoma juu, kaza skrubu ya nyuma ya sadoli uirudishe nyuma. Ikisoma chini, legeza isogee mbele. Tyuni upya kila ukigusa. Nyuzi zikiwa kuukuu kazi hii haitakubali kamwe, ndiyo maana tulianza na mpya.

Kama uzi wa sita unatoa sauti mbili zinazopigana juu ya freti ya 12, achana na sadoli. Sumaku za pikapu ziko karibu mno na zinavuta uzi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, upime kutoka chini ya uzi hadi kichwa cha sumaku: milimita 2.4 upande wa uzi wa sita, 2.0 upande wa uzi wa kwanza.

Hapo ndipo tunapomkuta uzi wako wa tatu. Tazama vichwa vya sumaku: cha uzi wa tatu kimeinuka sana, cha uzi wa pili kimezama. Mpangilio huo ulifanywa wakati uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa, wenye sauti ndogo kwenye pikapu. Leo uzi wa tatu ni mtupu, una sauti kubwa, na bado sumaku yake ndiyo iliyo juu kuliko zote. Usijaribu kuisukuma chini kwa kidole gumba wala bisibisi. Kwenye pikapu za mtindo wa zamani waya wa koili, wenye unene wa milimita 0.06, umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Ukisogea kidogo unakatika, na pikapu imekufa. Shusha pikapu nzima nusu milimita, badilisha uzi wa tatu wa 17 uweke wa 16, na mkono wa kulia utajifunza kupunguza. Ukipenda kupiga ridhimu kuliko solo, jaribu uzi wa tatu wa kuzungushiwa; gitaa litatulia mara moja, ila kuvuta kutakuwa kazi.

Wala usishawishiwe kubadilisha pikapu uweke zile nene za roki. Sauti nyembamba yenye makali ndiyo inayopenya kati ya besi, ngoma na kinanda bila kupandisha volyumu. Mji huu umetoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na magitaa yao hayakuwa na sauti ya kujaza nafasi. Yalikuwa na sauti ya kukata.

Mngurumo sasa. Pikapu za koili moja hunasa sumaku ya umeme wa TANESCO, hezi 50 na ndugu zake, na kwa mtindo wa zamani hata ukichanganya pikapu mbili mngurumo haufutiki, kwa sababu pikapu ya kati haikuzungushwa kinyume kama zinavyofanywa nyingi za sasa. Geuka na gitaa mwilini robo duara: mngurumo ukipanda na kushuka, ni huo. Kaa mbali na transfoma ya amplifaya, chaja za simu na dima za taa za ukumbini.

Kisha gusa nyuzi. Ukipungua ulipogusa, waya wa ardhi uko sawa. Usipobadilika, waya unaotoka kwenye kichanio cha springi kwenda kwenye potenshiomita umeachia. Pima kwa maltimita kati ya uzi na shina la plagi, inatakiwa isome karibu na sifuri. Chomelea risasi, lakini kwaruza kwanza kutu ya kichanio, kwa hewa ya hapa risasi haishiki juu ya kutu. Mkwaruzo unaosikika ukizungusha volyumu ni vumbi na chumvi. Tone la dawa ya kusafishia kontakti ndani ya potenshiomita, uizungushe mara ishirini, imeisha.

Ukigusa nyuzi mngurumo ukaongezeka, au ukahisi mtekenyo mdomoni unapoimba, acha kupiga. Nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya, na maikrofoni imeunganishwa na ardhi ya mikseri. Moja ikiwa haina ardhi ya kweli, mwili wako unakuwa waya wa kuziunganisha, na umeme wetu ni volti 230. Hutokea sana kwenye kumbi za muda: plagi ya miguu mitatu imepachikwa kwenye soketi ya miwili, au mtu ameondoa mguu wa ardhi ili "kuua mngurumo". Kabla ya kila shoo weka maltimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikizidi volti chache, fundi umeme kwanza, muziki baadaye. Amplifaya na mikseri zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ardhi.

La mwisho ni chumvi. Zile skrubu ndogo za sadoli ndizo za kwanza kuganda, na alenki ikishatafuna tundu lake hutazitoa. Zitoe moja moja sasa, zote kumi na mbili, paka mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti cha meno, rudisha. Usipulizie dawa ya kutu juu ya gitaa. Ikifika kwenye ubao wa freti mbao itakuwa na mabaka. Futa nyuzi na briji kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na ndani ya begi weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Mvua za masika zikishika, shingo itasogea. Pima tena upinde pale freti ya 7 kabla ya kugusa sadoli yoyote. Ukiona kipande cha uzi wa pili kinapita kwa uhuru, kaza rodi thumni moja, usubiri hadi kesho yake, ndipo upime upya.